Namna ya kumwambia mwenzio picha yake ina shida wapi

Wadau, mtu akikuonyesha picha yake ukamjibu "kali sana" au "haijakaa poa" hujamsaidia, anaondoka vilevile alivyokuja. Mi napiga picha kama hobi tu, na walionisaidia kweli ni wale walioweka kidole juu ya picha wakasema hapa, kwa sababu hii. Kwa hiyo na mimi nafanya ivi.

Hatua ya kwanza, iangalie kimya. Dakika nzima. Skrini iwe na mwanga wa kutosha maana ukiipunguza kila picha utaiona ina giza. Usianze kuzoom (kuikuza picha), angalia kwanza jicho lako linatua wapi na nini kinalivuta litoke hapo.

Pili, muulize alitaka tuone nini. Kuna mtu kampiga picha mwenzie kinyume na jua la jioni makusudi awe kivuli cheusi, we unakuja unamwambia uso hauonekani. Ukishajua nia yake ndo unaweza kusema kama picha imefika au haijafika.

Tatu, taja kilichokaa vizuri, na utaje na mahali kilipo. Mfano: "huu mwanga wa dirishani ulivyoangukia shavu la kushoto umeupa uso umbo." Hiyo ataikumbuka akishika kamera tena.

Nne, hapa ndo penye kazi: chagua kosa moja kubwa na utafute chanzo chake kabla hujatoa dawa. Chukua picha isiyo shapu, wengi wanasema "imebla" (ina ukungu) wanaishia hapo, wakati sababu zinatofautiana. Kama kila kitu kimevutika uelekeo mmoja, hadi ukuta, basi kamera ilitikisika, mwambie apandishe spidi ya shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) au aegemee kitu (kwa lenzi ya 200mm kwenye kamera ya fremu nzima, yaani yenye sensa kubwa, anzia 1/200 ya sekunde, ikiwa haina kitulizi cha kuzuia mtikisiko). Kama ukuta uko shapu ila mtoto anayekimbia ndo kavutika, tripodi (stendi ya miguu mitatu) haitasaidia kitu, anataka spidi zaidi, ajaribu 1/500 kupanda juu. Na kama macho yana ukungu lakini sikio liko shapu kabisa, fokasi iliangukia pabaya, tena ukitumia f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana) karibu na uso hapo sentimita chache tu zinatosha kukuharibia. Niliwahi kumwambia mwenzangu atumie tripodi, akahangaika nayo wiki kadhaa na picha zikabaki vilevile, kumbe tatizo lilikuwa fokasi. Iliniuma sana, nilimpotezea muda kwa kutoangalia vizuri. Siku hizi naomba kwanza setingi alizotumia, yaani spidi, apacha (tundu la lenzi, ndo ile f) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga).

Tano, mwambie kipi kinarekebishika kwenye kuediti na kipi mpaka apige upya. Upeo wa bahari uliolala upande unanyooshwa, unjano wa taa za ndani unapunguzwa. Ila anga likishaungua likawa jeupe tupu, hata faili la RAW (faili ghafi la kamera) likiwa halina kitu pale, hamna cha kurudisha, next time apunguze ekspoja (mwanga unaoingia kamerani) alafu avute vivuli, yaani aangaze sehemu zenye giza, baadaye. Mlingoti uliomwotea mtu kichwani nao angeukwepa kwa kusogea hatua moja pembeni, ni rahisi kuliko kuufuta.

Sita, ladha yako iite ladha. "Mi ningekata upande wa kulia" ni sawa, "umekosea hukukata" si sawa, na kanuni ya theluthi (kugawa picha mara tatu na kuweka kitu muhimu kwenye mistari) sio sheria. Halafu tafadhali usiediti picha ya mtu bila kumuomba, hata kama unataka kumwonyesha tu.

Ukimaliza muombe apige tena kitu kilekile, alete zote mbili, ya zamani na mpya, mziweke pembeni kwa pembeni.