Chanjo ya nimonia kwa mgonjwa wa saratani ya damu: panga tarehe kwanza

Saratani za damu, yaani lukemia, limfoma na maieloma, hushambulia seli zilezile zinazotengeneza kinga ya mwili, na chanjo nayo huzitegemea hizohizo. Sindano ikidungwa wakati mbaya, mwili hauitikii, na pesa zimekwenda. Basi kabla ya kuulizia bei, muulize daktari wa saratani tarehe ya dawa inayofuata.

Wakati bora ni angalau wiki 2 kabla ya kuanza kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Lakini lukemia kali, ile inayokua haraka, haingoji. Usicheleweshe matibabu kwa ajili ya chanjo. Kama kemo imeshaanza, kwa kawaida husubiriwa miezi 3 baada ya kuikamilisha. Aliyepewa rituximab asubiri angalau miezi 6, maana dawa hiyo hufuta seli B, na bila hizo hakuna wa kutengeneza kingamwili. Aliyepandikizwa uboho huanza upya kama mtoto mchanga, kati ya mwezi wa 3 na wa 6: dozi 3 za PCV (aina mojawapo ya chanjo ya nimonia), wiki 4 zikipita kati ya moja na nyingine, kisha nyongeza ambayo daktari ataipanga.

Soma jina kwenye kichupa, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea. Kwa asiyepandikizwa uboho, PCV20 ni sindano moja tu. Ukipata PCV13 au PCV15, PPSV23, aina nyingine ya chanjo ya nimonia, ifuate baada ya wiki 8 au zaidi. Usianze na PPSV23: ina sukari ya ganda la bakteria peke yake, ambayo kinga dhaifu huitambua kwa shida. PCV imeifunga sukari hiyo kwenye protini, ndiyo maana huamsha seli nyingi zaidi. Aliyekwisha kupewa PPSV23 kwanza atangoja mwaka mzima kabla ya PCV.

Kenya huwapa watoto chanjo hii tangu 2011, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini mtu mzima hayumo kwenye ratiba hiyo. Ukiwa kliniki ya saratani Kisumu, Nakuru au Eldoret, uliza inapatikana wapi, na udungwe palepale inapohifadhiwa. Kuibeba ndani ya matatu hadi Busia au Siaya ni kuihatarisha: inataka nyuzi 2 hadi 8. Barafu ikiigusa ikaganda, itupwe hata kama inaonekana nzima.

Muuguzi atikise PCV vizuri, adunge mililita 0.5 kwenye msuli wa bega. Chembe za kugandisha damu zikiwa chini ya 50,000 kwa kila mikrolita ya damu, mwambieni daktari mapema. Hutumika sindano nyembamba, kisha pamba ikandamizwe dakika 2 bila kusugua. Tarehe na aina ya chanjo viandikwe kwenye kadi.

Mkono kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Joto la nyuzi 38 kwa mgonjwa wa kemo si la kusingizia chanjo: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Mgonjwa aepuke chanjo hai, zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama za surua na homa ya manjano, mpaka daktari aruhusu. Anaoishi nao wachanjwe ya mafua kila mwaka, yeye pia, ile isiyo hai, kwani mafua mara nyingi ndiyo huifungulia nimonia mlango.