Kuthibitisha Kuwa BE = CF kwa Kutumia Mstari Unaokata Upande Katikati

Tuna pembetatu ABC ambayo upande AB ni mfupi kuliko AC. Mstari m unaukata upande BC katikati kwa pembe mraba, na mstari n unaigawa pembe A katika sehemu mbili sawa. Mistari hiyo inakutana katika nukta D. Kutoka D tunachora DE inayokutana kwa pembe mraba na AB iliyorefushwa kupita B, na DF inayokutana kwa pembe mraba na AC; E iko juu ya AB iliyorefushwa, na F juu ya AC. Tuthibitishe kwamba BE = CF.

Chora umbo kwa rula na bikari, si kwa kukadiria, nawe utaona D ikiangukia nje ya pembetatu.

Hatua ya 1. Unganisha D na B, kisha D na C, na uiite M nukta ya katikati ya BC. Katika pembetatu DMB na DMC, BM = CM, DM ni upande wa pamoja, na pembe zilizo M ni nyuzi 90 kila moja; kwa hiyo DB = DC. Wengi huishia kuandika kwamba m inapita katikati ya BC, ilhali faida yake kubwa ni kwamba kila nukta iliyo juu yake iko umbali sawa kutoka B na C. Ndiyo maana tunachora DB na DC ingawa swali halikuzitaja.

Hatua ya 2. Pembetatu ADE na ADF zina AD kwa pamoja, pembe sawa hapo A, na pembe mraba hapo E na F. Basi DE = DF, na AE = AF.

Hatua ya 3. Pembetatu mraba DEB na DFC zina haipotenusi, yaani upande unaoikabili pembe mraba, iliyo sawa (DB = DC) na upande mmoja sawa (DE = DF). Kwa hiyo BE = CF.

Hakiki kwa namba: ikiwa AB ni sentimita 6 na AC ni 10, basi, kwa kuwa AE = AF, 6 + BE = 10 − CF, yaani kila kipande ni sentimita 2. Urefu wa BC hauingii popote.

Sasa tuseme umechora D ndani ya pembetatu, E na F zikiwa ndani ya pande zake. Hatua zote tatu zinabaki vilevile, lakini ukijumlisha AE + EB na AF + FC utapata AB = AC, kana kwamba kila pembetatu ina pande mbili sawa! Hoja haina kasoro. Kilichopotoka ni mchoro, kwa sababu AB na AC zinapotofautiana, moja kati ya E na F lazima iangukie nje ya upande wake.