Jinsi ya kuomba ruhusa ya kufanya mashindano ya hesabu shule za msingi hapa Lamu

Walimu na wazazi wengi wanauliza, ukitaka kuandaa mashindano ya hesabu ya watoto wa praimari unaanzia wapi, barua inaenda ofisi gani na ndani unaandika nini. Ntaeleza vile mambo yanakwenda, na mifano yangu ni ya Lamu manake sisi tuna bahari katikati na hiyo peke yake inageuza mpango mzima, lakini mtu wa Malindi naye afuate tu, yeye ofisi yake ni ya sub-kaunti ya Malindi na juu yake ni Kilifi.

Tuanze na mlango wa kubisha, hapa ndipo watu wanapoteza muda. Wengi wanakimbilia serikali ya kaunti kwa sababu ndiyo wanaijua, ilhali katiba ya 2010 iliipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, shule ya msingi imebaki kwa serikali kuu chini ya Wizara ya Elimu. Kwa hivo barua yako anaandikiwa Mkurugenzi wa Elimu wa sub-kaunti. Nakala ya kwanza iende kwa mkurugenzi wa TSC (tume inayoajiri walimu) wa sub-kaunti, sababu walimu ni wake na bila yeye kujua hutapata wa kusimamia mtihani. Nakala ya pili kwa yule afisa wa mtaala wa zoni, ambae wengi bado wanamwita TAC tyuta, na huyu usimpelekee karatasi tu, nenda mkae muongee, manake yeye ndie anaejua kila shule ina walimu wangapi wa hesabu na hedmasta yupi atakupokea vizuri. Kaunti waachie ile barua ya kuomba zawadi na mafuta ya boti, hapo wanaweza kusaidia sana.

Sasa kama unataka watoto wa Amu (mji wa Lamu wenyewe), Shela, Matondoni na Mokowe peke yake, hiyo ni Lamu Magharibi, ofisi moja inatosha. Ukiongeza Faza, Siyu, Pate au Kizingitini umeingia Lamu Mashariki, na ruhusa ya huku haifanyi kazi kule. Andika barua mbili, ama upitie kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti, (huyu ni wa wizara, si wa gavana), yeye ataziteremsha pande zote mbili. Na kama wewe ni mwalimu, barua ipitie kwa hedmasta wako kwanza aweke saini na muhuri.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Taja wewe ni nani, shule zipi, gredi zipi, tarehe na saa, watoto watakua wapi, nani anasimamia, na pesa inatoka wapi. Hapo kwa pesa andika wazi kabisa kwamba mtoto halipi chochote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza shule ya umma kutoza karo, na mchango mwengine wowote lazima uidhinishwe, sasa hata shilingi hamsini ya fomu itakuletea maswali, na zaidi ya yote itamuacha nje yule mtoto ambae ndie ulikua unamtafuta. Nyuma ya barua ambatisha karatasi mbili tatu za mpango: taimtebo ya siku, bajeti, majina ya walimu watakaotunga maswali, mfano wa maswali, na mpango wa usalama. Piga fotokopi, ukipeleka omba wakugongee muhuri wa kupokea kwenye kopi yako na uiweke. Peleka term moja kabla, usingoje wiki mbili zilizobaki.

Tarehe ichague na kalenda zote mezani. Term ya tatu ni fupi na gredi 6 wana KPSEA, mtihani wao wa taifa, iache. Term ya pili ndiyo nzuri kimasomo. Epuka Ramadhani, epuka siku za Maulidi mji unapojaa wageni, na Jumamosi asubuhi watoto wengi wako madrasa kwa hivo zungumza na maustadhi mapema, ukiwaheshimu watakupa hiyo asubuhi moja na wengine watakutangazia hata msikitini.

Lakini term ya pili ndiyo upepo wa kusi nao. Bahari inachafuka, na boti za kutoka Pate zinapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, ambapo maji yakipwa hakupitiki mpaka yajae tena. Ukiwaambia watoto wa Kizingitini wawe Amu saa tatu asubuhi umewaambia watoke gizani, wafike wamelowa na kichwa kinawazunguka, alafu wakae chini washindane na mtoto alietoka nyumbani Mkomani kwa miguu ameshiba mahamri. Hiyo si haki na mimi siikubali hata kama picha zitapendeza watu wote wakiwa pamoja ngomeni. Weka vituo: kimoja Faza, kimoja Amu, kimoja Mokowe au Mpeketoni, karatasi ile ile, saa ile ile, bahasha zimefungwa na kufunguliwa mbele ya watoto. Kitakachovuka bahari ni bahasha na mwalimu mmoja. Fainali ya watoto wachache ndiyo muilete Amu, na hapo angalia jedwali la maji, safiri mchana, kila mtoto na laifu jaketi yake inayomtosha, na mwalimu wa kike awepo kama kuna wasichana. Haya yote yaandike kwenye mpango wa usalama kwa sababu ndiyo afisa atasoma kwanza. Nakala mpe chifu na kituo cha polisi. Ukitaka ukumbi wa ngome ya Lamu kwa fainali, hiyo iko chini ya Makumbusho ya Taifa, unawaandikia wao barua yao mbali.

Ukishapata ruhusa ndio unaenda kwa mahedmasta, na kwa wazazi unatuma fomu ya idhini. Iandike kwa Kiswahili, fupi, kama hivi: "Mimi mzazi/mlezi wa ……… wa gredi …… namruhusu ashiriki mashindano ya hesabu tarehe ……… katika kituo cha ……… Nakubali / sikubali apigwe picha. Saini ………" Hilo la picha mtu achague mwenyewe, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na kuna wazazi hapa kwetu hawapendi picha ya binti yao izunguke kwenye WhatsApp, ni haki yao.

Maswali sasa. Yasiwe mtihani wa darasani. Yale mashindano ya hesabu ya Kangaroo yalioanza Ufaransa 1991 yana mtindo mzuri, maswali ya kuchagua jibu, makundi matatu ya pointi 3, 4 na 5, yanaanza rahisi ili kila mtoto apate kitu. Kwa gredi 4 mpaka 6 maswali 15 yanatosha, matano kila kundi, jumla pointi 60, saa moja, bila kalkuleta. Swali la pointi 3 liwe kama hili: kamba ya mita 12 unaikata vipande vya mita 2, utaikata mara ngapi? Mtoto anakimbilia sita, kisha ukimpa uzi akate mwenyewe anaona ni mara tano, na uso wake hapo ndio unajua kwa nini tunahangaika na hizi barua. La pointi 5: Omari ana sarafu 8, za shilingi 5 na shilingi 10 tu, jumla shilingi 55, za kumi ni ngapi? Zote zingekua za tano ingekua 40, zimezidi 15, na kila ya kumi inaongeza 5, basi za kumi ni tatu. Hakuna fomula pale, ni kufikiri tu. Na karatasi iwe na Kiswahili na Kingereza ubavu kwa ubavu, tunapima hesabu hapa, hatupimi Kingereza.

Kusahihisha, mwalimu asisahihishe shule yake, na badala ya jina weka namba. Wakifungana pointi, alieyapata mengi ya pointi 5 atangulie, na hii kanuni watangazie kabla, si baada. Kila alieshiriki apate cheti, zawadi ziwe seti za jometri na vitabu.

Mambo yakiisha, ndani ya wiki mbili rudisha ripoti ofisi ile ile ilokupa ruhusa: watoto wangapi walikuja kwa kila kituo, wavulana na wasichana, pesa ilivyotumika na risiti zake, swali gani liliwashinda wengi. Kopi kwa TSC, kwa afisa wa zoni na kwa kila hedmasta, na katika barua ya kufunikia hiyo ripoti omba kabisa tarehe ya mwaka ujao.