Kabla hujachapa dodoso, kaa kwanza na waliopasuliwa

Kama unafanya utafiti wa saikolojia ya afya, tuseme hofu ya watu kabla ya opresheni au mawazo yanayowaandama wakisharudi nyumbani, usiwafuate wagonjwa mwishoni kuja kukujazia fomu tu. Anza nao kabla hujapeleka maombi ya kibali NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, maana ukishapewa kibali, kubadili hata swali moja ni kurudi tena kuomba. Na siku hizi sio hisani, Tamko la Helsinki, ule mwongozo wa dunia wa maadili ya utafiti wa tiba kwa watu, lilivyorekebishwa 2024 linataka watu washirikishwe kabla, wakati na baada ya utafiti.

Tafuta watu sita hadi nane waliokwishapona kiasi, wa ngiri, wa sizariani, waliowekewa vyuma mguuni, na ndugu walioshinda kwenye benchi nje ya thieta usiwasahau, wale wana habari nyingi. Wodini usiguse. Mtu yuko na dripu atakujibu "ndiyo dokta" kwa kila kitu, si anajua kesho nyie nyie ndo mnamsafisha kidonda! Na aliyempasua asikae kwenye kikao, kabisaa.

Nauli toa siku hiyohiyo, mkononi. Sisi tulipiga hesabu ya bodaboda, mama mmoja wa sizariani akatucheka, akasema na mshono huu nipande pikipiki kwenye mashimo yale? Toa ya bajaji. Weka viti vyenye mgongo, saa moja na nusu inatosha.

Sasa dodoso lenyewe wasomee kwa sauti, swali moja moja, halafu nyamaza. Sisi tulikuwa na APAIS, dodoso la kupima hofu ya mtu kabla ya opresheni, ilitengenezwa Uholanzi 1996, maswali 6 tu, matatu ni ya ganzi na usingizi wa thieta. Tukatafsiri "nina wasiwasi kuhusu dawa ya usingizi", tukajiona tumemaliza. Mzee mmoja akauliza, ipi, vile vidonge vya kulalia? Wenzake wakadakia, aah mzee, nusu kaputi hiyo! Akajiweka sawa kwenye kiti: "Hee, hiyo sasa ndo naiogopa. Kisu sina shida nacho, naogopa kutoamka." Yaani bila yule mzee tungepima hofu ya vidonge. Halafu wakatuuliza mbona hamna swali la hela, wakati kilichowakosesha usingizi usiku ule ni bili na nani atabaki na watoto. Kwenye yale maswali sita halimo, tukaongeza ya kwetu pembeni.

Kila walichobadilisha kiandike, na ulichokataa waambie kwanini, watu wazima wanaelewa. Matokeo yakitoka wapigie wao kabla hujaenda kujidai kwenye kongamano. Sisi tulichelewa miezi mitano, yule mzee kupokea tu simu akasema, "Nilijua nyie ndo mmepigwa nusu kaputi."