Jinsi ya kufuga sendidola kwenye tangi la maji chumvi asife njaa

Watu wengi wanamjua sendidola akiwa ameshakufa, lile ganda jeupe bapa lenye alama ya ua la petali tano ambalo linaokotwa ufukweni. Akiwa hai hafanani na hilo hata kidogo, anakuwa zambarau, kahawia au kijivu kutegemea aina, na mwili mzima umejaa vimiiba vifupi sana ambavyo havichomi. Vimiiba hivyo ndo anatembelea, vinacheza kwa zamu huku yeye anateleza taratibu chini ya mchanga na kuacha mfereji nyuma yake. Ni ndugu na kiti cha pweza na jongoo bahari.

Sasa kabla hujatoa hela yako elewa kitu kimoja, sendidola wengi wa majumbani wanakufa njaa, na njaa yenyewe ni ya polepole, mwenye tangi anaona mambo yako poa tu manake mnyama kajifukia haonekani, kumbe huko chini anaisha. Chakula chake ni vitu vidogo vidogo vinavyokaa katikati ya chembe za mchanga, diatomu (vimwani vya seli moja), mwani mwembamba, bakteria, mabaki yanayooza. Vimiiba na vimiguu vyake vinachambua chembe chembe, kinachofaa kinasukumwa kwenye vijifereji vya upande wa chini hadi mdomoni, na mdomo uko katikati kabisa chini ya tumbo, una meno matano. Kwa hiyo ukimweka kwenye mchanga mpya uliooshwa juzi ni sawa na kumfungia kwenye chumba kitupu.

Ndo maana usimweke kwenye tangi changa. Tangi kumaliza saikoli ya amonia, yaani bakteria kukua hadi waweze kugeuza amonia ya uchafu, ambayo ni sumu, iwe naitraiti halafu naitreti, ni wiki 4 mpaka 6 hivi lakini hiyo haitoshi kwa huyu, mimi nasema subiri angalau miezi 6, na bora zaidi mwaka, mpaka ukiangalia mchanga kwa pembeni kwenye kioo unaona rangi rangi za kahawia na kijani na vidudu vidogo vinakimbia humo ndani. Ukiviona hivyo usisafishe! Wale wanaofyonza mchanga na mpira kila wikiendi ili uwe mweupe wa kupigia picha, hawa sendidola hawawafai.

Mchanga wenyewe uwe laini, saizi ya sukari, wa aragonaiti (madini ya kalisi) ni mzuri, kina sentimita 7 hadi 10. Changarawe na vipande vya matumbawe vilivyosagwa hapana, vinamkwaruza na kujifukia anashindwa. Halafu eneo, hapa ndo wengi tunabishana, mtu ana lita nyingi lakini mawe yamejaa sakafu yote, sasa mnyama atembee wapi? Kinachohesabika ni upana wa mchanga ulio wazi, urefu wa kwenda juu haumsaidii kitu. Kwangu mimi chini ya lita 200 usijaribu, na hata hapo weka mmoja tu. Na mawe yakae chini kabisa kwenye kioo kisha mchanga ndo umwagwe kuyazunguka, ukiyaweka juu ya mchanga ataenda kuchimba chini yake na siku moja yote yanaporomoka.

Aina nayo uijue kabla ya kununua, usikubali jibu la "sendidola tu". Dendraster excentricus anatoka pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, maji ya baridi, bila chila, yaani mashine ya kupooza maji, humwezi. Mellita quinquiesperforata ana matundu matano kwenye ganda, Leodia sexiesperforata sita, hawa ni wa maji ya joto upande wa Atlantiki, na Clypeaster humilis wa Bahari ya Hindi na Pasifiki hana matundu kabisa. Wa joto nyuzi 24 hadi 26 zinatosha. Chumvi ishikilie 1.025 kwenye kipimo cha uzito wa maji ukilinganisha na maji safi, amonia na naitraiti sifuri, naitreti iwe chini, kalisi miligramu 400 mpaka 450 kwa lita kwa ajili ya ganda. Maji yakipungua kwa kukauka ongezea maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, usiongeze ya chumvi, manake chumvi haiondoki na mvuke, na ongeza kidogo kidogo kila siku kuliko kujaza ndoo nzima kwa mpigo. Dawa yoyote yenye shaba marufuku, hata tangi lililowahi kutiwa zamani achana nalo.

Siku ya kumleta usiwe na haraka. Mfuko uelee kwenye tangi kama dakika 20 joto lilingane, halafu mhamishie kwenye chombo na maji ya mfuko, chukua kampira kembamba ukifunge fundo udondoshe maji ya tangi tone tone kwa saa moja na nusu au mbili. Asitolewe hewani, zamisha chombo chote ndani ya tangi. Mlaze juu ya mchanga mdomo ukiwa chini, akilala chali kujigeuza ni shughuli kubwa, na usimfukie kwa mkono, mwache ajifukie mwenyewe.

Kulisha: hata mchanga ukiwa mzuri msaidie. Spirulina ya unga au tembe za mwani zilizosagwa, changanya na maji ya tangi, zima pampu, kisha kwa bomba la sindano lenye kampira mwaga kidogo karibu na alipo, chini kabisa kwenye mchanga. Mara mbili au tatu kwa wiki. Ukizidisha utakutana na amonia.

Majirani: bunju, kikande na kaa wakubwa watamtafuna. Kiti cha pweza anayechimba mchanga naye anammalizia vidudu vyote, kwa hiyo mchague mmoja.

Akikaa juu ya mchanga siku nzima bila kusogea, vimiiba vinadondoka na mabaka meupe yanaanza kutokea, hali ni mbaya. Pima chumvi na amonia kwanza. Mwangalie kwa karibu, vimiiba visipocheza hata kidogo mtoe siku hiyo hiyo, akiozea humo atachafua maji ya kila mtu, badilisha asilimia 20 ya maji na upime tena kesho yake.