Hisa za marehemu baba: jinsi familia inavyopiga kura katika mkutano mkuu wa SA

Katika kazi yangu hapa Lubumbashi nakutana na warithi ambao baba yao aliacha hisa katika kampuni ya SA (société anonyme, yaani kampuni ya hisa), lakini hawajawahi kukanyaga mkutano mkuu. Kampuni haiwangojei. Inaamua, na maamuzi yanawafunga wao pia. Haya ninayoandika yanafuata sheria ya OHADA, yaani sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, inayotumika Kongo tangu 2012.

Hatua ya 1: Mchagueni mwakilishi mmoja. Hisa ambazo bado hazijagawanywa ni zenu wote, ila mkutanoni anasimama mtu mmoja, anayetoka kati ya warithi, isipokuwa katiba ya kampuni inasema vingine. Mkishindwa kupatana, mrithi yeyote anaweza kuomba mahakama imteue. Mimi nawasihi mmalize nyumbani: kikao cha familia, karatasi moja, sahihi za wote. Na kama mgao umempa mama matumizi ya hisa na watoto umiliki wake, watoto ndio wanaopiga kura, isipokuwa katika maamuzi ya kugawa faida, ambako kura ni ya mama. Hapa napo someni katiba kwanza.

Hatua ya 2: Jina liingie katika daftari la hisa. Pelekeni hati za urithi kwenye makao ya kampuni, mrudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 3: Tumieni siku 15. Mkutano wa kawaida hufanyika ndani ya miezi 6 tangu hesabu za mwaka kufungwa. Zikifungwa 31 Desemba, mwisho ni 30 Juni. Mwaliko hutolewa angalau siku 15 kabla, pamoja na ajenda. Katika siku hizo mna haki ya kusoma hesabu, ripoti na maazimio yanayopendekezwa, palepale makaoni, na kutoa nakala kwa gharama yenu. Asiwaambie mtu kwamba anawafanyia hisani.

Mimi naanza na ripoti maalum ya mkaguzi wa hesabu kuhusu mikataba kati ya kampuni na wakurugenzi wake. Kampuni inapanga nyumba ya nani? Magari inayokodi ni ya nani? Mkurugenzi anayehusika na mkataba hapigi kura juu yake, na hisa zake hazihesabiwi. Ndiyo maana kura chache za familia zinaweza kuwa na uzito mkubwa hapo kuliko mahali pengine popote.

Hatua ya 4: Asiyeweza kufika amtume mtu. Barua itaje jina, idadi ya hisa na aina ya mkutano. Kabla ya sahihi aandike kwa mkono "Bon pour pouvoir" (yaani anampa mwenzake mamlaka), kisha tarehe. Msitie sahihi karatasi tupu, hata kwa mtu mnayemwamini.

Hatua ya 5: Siku yenyewe. Tieni sahihi orodha ya mahudhurio. Mkutano wa kawaida unahitaji robo ya hisa zenye kura ziwepo au ziwakilishwe. Ukiitishwa mara ya pili, hauhitaji kiwango chochote, kwa hiyo kususia hakuzuii kitu. Kubadili katiba ya kampuni kunahitaji mkutano usio wa kawaida: nusu ya hisa, au robo kwa mwito wa pili, na theluthi mbili za kura zinazopigwa. Mkipinga azimio, semeni kwa sauti, na mdai pingamizi lenu liandikwe katika PV (kumbukumbu rasmi za mkutano) kabla kikao hakijafungwa.