Somo: Mada moja, mwaka mzima. Kupiga picha za majira ya Kisumu kwa simu uliyo nayo

Wapenzi wa picha, hamjambo. Wengi wenu mna simu zilizojaa picha nzuri moja moja, machweo hapa, tuktuk pale, lakini ukizipanga pamoja hazisemi kitu. Dawa yake ninayoiamini ni kuchagua jambo moja dogo na kulifuata kuanzia Januari hadi Desemba. Huku kwetu majira hayaji na theluji. Yanaonekana kwenye kazi za watu: kilichomo mezani kwa mama mboga, gambuti za mwendesha boda, vumbi au tope mlangoni pa kinyozi. Ukiangalia angani tu utakosa nusu ya habari.

Hatua ya 1: Chagua mada finyu

"Maisha ya Kisumu" ni pana mno, haikuambii usimame wapi wala uende siku gani. "Gorogoro za nafaka sokoni Kibuye", yaani mikebe ya kupimia, ni mada. "Viatu vya stendi ya boda Kondele" ni mada. Mimi nitatumia omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria, wa ufuo wa Dunga hapa Kisumu kama mfano, kwa sababu omena wana kalenda yao wenyewe.

Wavuvi huingia ziwani usiku na taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo boti nyingi hupumzika. Asubuhi akina mama huanika samaki juu ya nyavu kuukuu. Jua likiwaka omena hukauka upesi. Mvua ikiwawahi huharibika, na wengi huishia kuwa chakula cha kuku. Halafu kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai serikali hufunga uvuvi wa omena ili wazaliane. Kwa hiyo kiangazi cha Januari na Februari unapata nyavu zilizojaa omena wanaong'aa kama fedha, na mwezi wa tano unapata nyavu zilezile zimekunjwa, nyasi zimeota zilipokuwa. Ile picha ya nyavu tupu usiiache. Bila hiyo, zile zilizojaa hazina uzito.

Sogea karibu pia. Piga vidole vikitawanya omena, magamba yamegandia ngozi hadi kifundoni, samaki wa juu wameanza kupinda kwa kukauka huku wa chini bado wana unyevu. Usivute kwa zumu ya simu, inaharibu picha. Tembea.

Hatua ya 2: Tafuta pa kusimama, upakumbuke

Chagua jiwe, nguzo au mti, na urudi hapohapo kila mwezi, simu ikiwa kimo kilekile. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo saa ya jua kuchomoza na kuzama haibadiliki sana mwaka mzima. Linalobadilika ni mahali. Mwezi wa sita jua huzama kaskazini mwa magharibi, mwezi wa kumi na mbili kusini mwa magharibi, na tofauti kati ya pande hizo mbili ni nyuzi 47 hivi. Mtu aliyesimama jiwe moja pale Dunga ataliona likihama kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine. Vivuli vya adhuhuri navyo hugeuka: Juni huangukia kusini, Desemba kaskazini, na kuelekea mwisho wa Machi na wa Septemba jua hupita utosini hadi kivuli cha mtu kinabaki chini ya miguu yake. Nguzo moja ya stima ikipigwa mara hizo tatu, saa ileile, ni mradi kamili.

Hatua ya 3: Uelewe mwanga wa hapa

Jua letu hupanda wima, kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi hauna subira. Ufike mapema, kufikia saa mbili na nusu umeshakuwa mkali.

Jua la mchana si adui ukiingia sokoni. Mfanye mtu akae kivulini lakini karibu na ukingo, uso ukielekea nje kwenye mwanga. Utapata uso safi, macho yenye uhai. Ila angalia kilichotandazwa juu yake! Turubai la buluu hufanya uso uonekane mgonjwa, mwavuli mwekundu huupaka damu. Mabati au turubai jeupe ni salama.

Jua likiwa mgongoni mwa mtu, simu hutazama anga na kumfanya awe mweusi tititi. Gusa uso wake kwenye kioo, bonyeza bila kuachia mpaka simu ifunge mwanga hapo, kisha rekebisha kwa alama ya kijua. Ngozi zetu nyeusi zina rangi nyingi ndani yake, na inaniuma kuona zikifutwa na simu iliyopimia mawingu. Acha anga liungue kidogo. Uso ndio wenye habari.

Hatua ya 4: Mvua

Msimu wa masika, mawingu hujikusanya mara nyingi baada ya adhuhuri na mvua hupiga alasiri au jioni. Simama kwenye veranda, simu ndani ya mfuko wa nailoni uliotobolewa tundu la lenzi. Matone huonekana yakiwa na kitu cheusi nyuma na mwanga ukitoka upande wa pili. Mbele ya anga jeupe hayaonekani kabisa. Kwa mwenye kamera, kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde hugandisha matone, 1/30 huyafanya nyuzi. Radi ikianza kunguruma, toka ufuoni mara moja. Magharibi mwa Kenya radi huua watu, na hakuna picha yenye thamani hiyo.

Mvua ikikatika usikimbilie nyumbani. Geuza simu juu chini, lenzi ikaribie kugusa maji ya dimbwi, na matatu nzima itaingia ndani ya maji.

Hatua ya 5: Watu kwanza, simu baadaye

Ufuoni anza na kamati ya BMU, yaani kikundi kinachosimamia ufuo, jitambulishe. Kwa mfanyabiashara, salimia, kwa Kijaluo ukikijua, ununue kitu, ueleze mradi wako, ndipo uombe. Mwezi unaofuata mpelekee picha yake imechapishwa. Hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango mwaka mzima.

Hatua ya 6: Hifadhi

Taja faili kwa tarehe kuanzia mwaka, kama 2025-05-14-dunga. Nakala mbili, mahali pawili. Mwisho wa mwaka bakiza picha 12.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, simu yangu ni ya bei ya chini, usiku inatoa chengachenga tu. Nifanyeje?*
Acha usiku, ndugu yangu. Chagua mada ya mchana, na ufute lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kila picha. Picha nyingi ninazotumiwa zikiwa na ukungu ni mafuta ya vidole.

*Kuna mama alikataa, akasema nitaenda kuuza sura yake. Nimsisitize?*
Hapana. Hofu yake ni ya haki, picha za watu wa ziwani zimezunguka sana bila wao kujua. Mwombe upige mikono au mizani yake. Akikataa hilo nalo, mshukuru na umwache.

*Ufuo wetu umezibwa na gugumaji wiki nzima, mradi wangu wa boti umekwama.*
Haujakwama, umepata sura mpya. Gugumaji husukumwa na upepo. Leo limefunga, kesho liko ng'ambo. Piga wanaume wakisukuma boti kwa mipini mirefu, piga maua yake ya zambarau, na uandike tarehe na upepo ulikotoka.

*Mimi niko Nakuru, sina ziwa la kuendea bila kulipia geti la hifadhi. Mada gani?*
Ziwa Nakuru limepanda sana tangu miaka ya 2010 na miti ya migunga imekufa ikiwa imesimama majini, kwa hiyo ukipata nafasi hata ya siku moja, nenda. Ila kwa mwaka mzima ningekuchagulia viazi na mahindi. Kaa na muuzaji mmoja wa kando ya barabara: viazi vya Molo vyenye udongo mbichi, mahindi mabichi ya kuchoma, halafu magunia ya mavuno.

*Watoto je? Ndio hukimbilia kamera kwanza.*
Mzazi akubali kwanza, na usitaje shule wala mtaa wao. Wakikuzingira, wapigie moja ya kuwaonyesha wacheke, kisha subiri. Baada ya muda watakuchoka na kurudia mchezo wao, na hapo ndipo unaanza kupiga.

*Je, naruhusiwa kuongeza rangi?*
Mwangaza na utofauti wa giza na mwanga, kidogo, sawa. Rangi usiguse kwa mradi wa majira. Vumbi la Februari likigeuzwa dhahabu na nyasi za Mei zikiongezwa kijani, hakuna atakayejua mvua ilinyesha kiasi gani mwaka huo.